Shangazi na Kitako cha Kito

Shangazi yangu anachonga vito, na ukitaka kumkorofisha mwambie kito hakihitaji kitako. Kitako ni kule chini kabisa, nyuso za jiwe zinapokutana zikafanya ncha kali. Wengine huiacha ncha ilivyo. Shangazi huisaga iwe bapa dogo, dogo kuliko kichwa cha pini, ili jiwe lisimeguke likigongwa. Zamani alimwachia mjane mmoja ncha kwenye jiwe la pete. Likarudi limemeguka, na yule mama akalia pale pale mezani. Tangu siku hiyo Shangazi hasikii la mtu.

Basi akaja bosi mpya, mtoto wa marehemu mwenye karakana. Mtanashati huyo, viatu vinang'aa, kazi haijui. Akainua jiwe kwenye taa, akachungulia kwa juu, akaona kidoa katikati.

"Mama, hili lina tundu!"

"Si tundu, bosi. Ni kitako."

"Kiondoe. Chini huko nani anaona? Ukishindwa, Jumatatu kiti chako nampa mwingine."

Miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile! Shangazi alikuja kwetu macho mekundu. Mie nilitamani nikamzabe mtu kibao.

Baba yangu, kaka yake, ni fundi bati. Wiki hiyo alikuwa anagonga deraya, lile vazi la chuma la wapiganaji wa kale, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa kufungua ukumbi wa mtaa. Na jemadari wa mchezo ni nani? Si bosi yule yule! Alijichagua mwenyewe. Mezani vilikuwa vimebaki vipande vya mwisho, mabati membamba yanayopandana, ya kuning'inia nyuma chini ya kiuno.

"Hivi navyo vya nini, kaka?" Shangazi akauliza.

"Kitako cha deraya. Mtu akiinama, upanga usimpate pabaya."

Shangazi akafuta machozi, na nilipokaona kale katabasamu kake nikajua kuna mtu kaisha.

"Vitoe. Mwenyewe kasema, chini huko nani anaona."

"Thubutu! Uniharibie kazi?"

"Mpigie umuulize."

Baba akapiga simu. Tukamsikia bosi kwa masikio yetu: "Toa, fundi, toa! Vya nini kunizidishia uzito? Mimi nitawatazama watu, sitawapa mgongo."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa pomoni. Jemadari akaingia, kwachakwacha, kifua mbele, watu wakapiga makofi. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipoinama kuokota taji. Suruali ikasema chwaaa! Loo! Chupi ya maua, tena maua mekundu. Adui yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole kabisa, lakini na yeye ni binadamu. Upanga wa mbao ukatua paa! Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na baba, aliyekuwa ameapa kutocheka, alitolewa nje akikohoa. Bosi alimaliza mchezo amegandia ukutani, hata kwenye vita.

Jumatatu Shangazi aliwahi kufika kuliko wote, akakaa kwenye kiti chake. Alicheka sana Jumamosi, lakini Jumapili yote alikuwa akiwaza, je, bosi akimfukuza kwa hasira?

Bosi akaingia. Hakukaa, nadhani hakuweza. Akaweka jiwe mezani, la kijani, ncha yake bado haijaguswa.

"Mama, hili lina mteja wake. Kitako... kiweke."

Shangazi akajifanya hamnazo. "Chini huko, bosi, nani anaona?"

Bosi akautazama mlango.

"Mtaa mzima, mama."

Akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, na Shangazi akawasha gurudumu lake la kusagia.