Niliahidi Watoto Arobaini

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hesabu ndio mwaka shule yetu ilipoacha kupandisha watoto darasa bila kujali alama. Zamani, mtoto wa darasa la tano aliyekosa alama hamsini alisogezwa tu, walimu wakikubaliana. Sasa anayekosa anasoma likizoni na kurudia mtihani. Akikosa tena, anarudia darasa. Na kila mwalimu aliandika kwenye imihigo yake, ile ahadi ya kazi inayosainiwa mbele ya wote na kubandikwa ukutani, ni watoto wangapi watapita.

Nilikaa na karatasi yangu siku tatu. Nilikuwa na watoto arobaini. Nikifikiria kuandika thelathini na tano, nilijikuta darasani nikiwatafuta wale watano kwa macho.

Mwalimu wa Kifaransa, mzee anayekaribia kustaafu, alichungulia juu ya bega langu.

"Mwalimu, andika thelathini, ulale."

"Na hao kumi?"

"Kumi iko ya Mungu."

Akawageukia wenzake akawasimulia kwa Kinyarwanda, wakacheka. Mimi nilikulia Mwanza. Kinyarwanda hunifikia kikiwa kimechelewa, kwa hiyo nilicheka wakati wao wameshanyamaza.

Niliandika arobaini.

Wakapita wote, wengine kwa kuponea chupuchupu, isipokuwa msichana mmoja. Alipata arobaini na nane.

"Tafuta mbili," mzee aliniambia. "Karatasi ya hesabu haikosi mbili."

Nilizitafuta. Katika swali la nane, la tangi la maji, alifuata njia sahihi akakosea jibu. Ningeweza kumpa mbili kwa njia. Lakini wengine waliokosea vilevile sikuwapa. Tena nilijiuliza kama ningempa kwa ajili yake au kwa ajili ya karatasi yangu ukutani. Nililisoma jibu lake mara nne, kila mara nikiwa na hakika ya jambo tofauti. Karani alipokuja kuchukua alama, nilikuwa bado nafikiri. Nikampa orodha kama ilivyokuwa.

Siku ya kuchukua ripoti alikuja mama wa yule msichana, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, uzi mweusi umemganda kwenye mkono wa gauni.

"Wewe si ndiye uliyeandika arobaini?"

"Ndiyo, mama."

"Niliisoma siku ya wazazi. Nikamwambia mtoto, huyu mwalimu ana uhakika na wewe. Alikuwa anasoma jioni kwa jirani, nikamtoa. Nikasema ya nini tena, mwalimu ameshasaini."

Nilitaka kumweleza kwamba ile ilikuwa ahadi ya jitihada yangu, kwamba haikuwa hati ya mtoto kupita. Nikaona maelezo hayo yananifaa mimi tu.

"Nitamfundisha likizo yote," nilisema.

"Fundisha," alinijibu. "Ila safari hii usiandike kitu."

Likizo ilipoanza wenzangu waliondoka, mmoja mmoja, kwenda kwa familia zao. Mimi nilibaki na funguo za darasa na watoto sita wa madarasa mbalimbali. Saa nyingine niliongea sana, kwa kuwa nikitoka pale sikuwa na mtu wa kuongea naye mpaka kesho yake. Msichana alikuja siku ya kwanza, akakaa nyuma, hakunisalimu.

Nilimwekea karatasi yake mezani, swali la nane.

"Hapa ulifikiri vizuri."

Akaisoma. "Sasa mbona hukunipa kitu, Ticha?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilianza kujibu, nikaona jibu langu ni refu mno kwa mtoto wa miaka kumi na moja, na huenda si la kweli. Nikamwambia sijui. Akavuta kiti cha pili kutoka meza ya jirani ili nikae.

"Nionyeshe basi nilipokosea," alisema.