Majivu Ndani ya Chupa

Siku hizi nikiona wanafunzi wakichora pete ya benzini kwa kalamu za rangi, hucheka peke yangu. Mimi pete yangu niliikosa kwa konzi moja ya majivu.

Miaka ya sitini ilikuwa inaishia. Nilikuwa mwalimu wa kemia hapa Mtwara, kijana mwenye majivuno, nikijiona nimetupwa mbali na watu wa maana. Profesa aliyenifundisha chuoni aliniandikia kwamba akipata fuwele safi za dutu niliyokuwa nikimsimulia, atanipa nafasi ya kurudi kusoma. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Unachukua mnyororo wa kaboni ulio wazi, wenye klorini ubavuni, unaupasha moto polepole pamoja na asidi, mpaka ncha zake mbili zikutane na kufunga pete ya kaboni sita. Nilikuwa na chupa moja tu ya malighafi hiyo. Ilikuja kwa meli, maana masika ile barabara ya Dar es Salaam haikupitika, na nyingine isingefika kabla ya muda niliopewa kwisha.

Mimi na mke wangu tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Alitoka Nanyamba, kwenye mikorosho, na likizo ile alikuwa akija maabara kunisaidia kuosha vyombo. Ijumaa hiyo chupa ilikuwa motoni tangu asubuhi, na mafuta ndani yake yalishaanza kuwa meusi. Kwangu hiyo ilikuwa dalili njema. Adhuhuri nikamwambia, "Usiyaguse haya. Ni makali kuliko ya korosho, yanaunguza." Nikaenda zangu msikitini.

Kwao, korosho zikishachomwa, maganda hutoa mafuta meusi yanayobabua vidole. Wanawake huzimwagia majivu yakanywa yale mafuta, ndipo hukaa kuzibangua. Basi mke wangu akazima taa ya spiriti, akaomba majivu kwa mlinzi aliyekuwa akipika nje, akayamimina kwenye chupa yangu.

Niliporudi, povu lilikuwa limeshatulia. Ndani ya chupa mlikuwa na tope la kijivu. Majivu yalikuwa yameiua asidi, na pete haikufungwa.

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, mengine yakiwagusa wazazi wake. Hakulia. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akasema taratibu, "Mwalimu, wewe mwenyewe umesema yanaunguza. Na vidole vyako nimeviona asubuhi, vimebabuka. Chupa utaagiza nyingine. Mume mimi nitamwagiza wapi?"



Nafasi akapewa mwingine. Iliniuma miaka mingi, sitajifanya. Kila nilipofika kwenye somo la pete nilikuwa mkali kwa wanafunzi bila sababu, kisha narudi nyumbani Mtawanya, nakuta chakula kimefunikwa na yeye ananingoja tule pamoja. Nazitamani siku zile kuliko chuo chochote.

Mwaka jana tulimzika. Yale maneno kuhusu wazazi wake sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nangoja anikumbushe, naye hakunikumbusha hata siku moja.