Mwanaidi na Madafu ya Kibada

Mie nimeishia darasa la tatu, lakini karakana ya baiskeli hapa Gongo la Mboto nimeisimamisha mwenyewe. Binti yangu Mwanaidi alipotaka kushindana kuogelea, baiskeli na mbio, vyote siku moja, sikuona haja ya kocha. Watatu wa kwanza wangepelekwa Mombasa kwenye mashindano makubwa, naye aliitaka nafasi hiyo kuliko harusi.

Saa kumi na moja alfajiri tukaondoka na pikapu yangu, baiskeli nyuma. Baada ya Kongowe barabara ilitutikisa mpaka meno.

Kimbiji tulifika jua limechomoza. Nikajaza maji kwenye rejeta ya pikapu, maana inavuja, nikamwambia binti, "Usinywe hata tone njiani. Maji yanaleta kichomi cha ubavuni." Enzi zangu nilibeba mkaa kwa baiskeli toka Pugu, koo kavu.

Baharini akatoka wa pili. Kwenye baiskeli, kwenda Mbagala na kurudi mpaka Kibada, akaongoza. Mie nyuma napiga honi kama msafara wa bwana harusi.

Saa sita, Kibada. Hapo waliacha baiskeli waanze kukimbia kurudi Kimbiji. Mwanaidi alishuka akapepesuka, midomo imekauka. Wanne wakampita.

"Baba, miguu siisikii."

Muuza madafu, Bi Mwatumu, akauliza, "Kanywa nini huyu?"

"Hajanywa. Namkinga na kichomi."

"Na hilo gari lako linalovuja, leo umelinywesha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Haya! Gari lina baba, mtoto hana."

Watu wakaangua kicheko. Bibi akakata madafu mawili, akatia chumvi kidogo. "Kunywa taratibu, mwanangu. Na usiwafukuze wenzio sasa hivi."

Mwanaidi akaanza kwa kutembea, kisha akakimbia. Kila penye kivuli nilisimama nikampa maji, mafunda mawili matatu. Karibu na Kimbiji, walioondoka Kibada kwa mbwembwe walikuwa wanaburuza miguu. Akawapita wawili, akaingia wa tatu.

Jioni, njiani kurudi, nikamuuliza, "Kichomi je?"

"Kilikuja, Baba. Nikapunguza mwendo, kikapita."

Nilidhani mbio ndefu ni mapafu na ubishi tu. Kumbe kuna tumbo, kuna maji, kuna kujizuia mapema. Shida nilizozizoea nilimfundisha mwanangu kama vile ni ufundi. Mombasa anakwenda na chupa yake, na mie nakwenda kusikiliza.