Mrenda wa Lori

Wabwile alirudi kutoka vitani mwaka wa arobaini na sita na koti la jeshi, kikohozi, na ujuzi mmoja: kuendesha lori. Gicheru, mfanyabiashara wa viazi pale Kitale, akampa lake apeleke magunia Chwele na Bungoma. Maisha yake yakawa barabara ile, na adui yake akawa kioo cha mbele.

Ukungu wa nje aliuvumilia. Huo ni wa Mungu, na jua likipanda huondoka. Uliomtesa ni wa ndani. Abiria wakibanana naye mbele, nguo zimelowa, pumzi zao zilitanda kiooni kama maziwa. Ukifuta, unarudi. Asubuhi moja karibu na Kamukuywa akaingiza lori mtaroni. Hakuumia mtu, ila viazi vilisagika.

"Ukirudia," Gicheru akasema, "weka ufunguo mezani uende zako."

Akajaribu sabuni, ikaacha mistari. Akajaribu tumbaku ya Malakisi. Akapiga chafya hadi Kiminini. Ndipo siku moja akamwona mkewe, Edah, akisuuza sufuria ya mrenda. Juu ya ule utelezi maji hayakusimama matone. Yalitandaa, membamba, unaona hadi chini. Akachota mboga, akapaka kioo.

"Baba Rispah, hata lori lina njaa?" Edah akacheka.

Kioo kikawa safi kwa muda, kisha kikafanya ukoko mweupe ukabanduka. Wabwile akapika upya, akazidisha munyu, yale maji ya majivu ambayo kwao mrenda haupikwi bila hayo. Ukoko ukazidi. Akaongeza tena. Kuupunguza hakukumjia akilini. Nani apike mrenda bila munyu, majirani waseme nini?

Edah ndiye aliyechoka. "Kwani kioo kina ulimi? Kitajuaje haujakolea?"

 Jioni ile Wabwile munyu akautumia kuosha tu mafuta ya vidole kiooni, akasuuza. Kisha akapaka mrenda mtupu, uliochujwa kwa kitambaa, ukakauka, akausugua mpaka ukawa kama haupo.

Safari iliyofuata Gicheru alipanda mwenyewe, hana imani. Mvua ilinyesha. Walipofika Kamukuywa akainua mkono wa koti kufuta, kwa mazoea.

"Usiguse!" Wabwile akafoka, kisha akakumbuka anamfokea nani. "Samahani, mzee. Ukifuta unaitoa dawa."

Gicheru akashusha mkono polepole. Hakukuwa na cha kufuta. Mbele yao barabara ilionekana yote, matope na ng'ombe wake.

Walipofika Chwele, Gicheru aliteremka akauacha ufunguo ulipo. "Kesho kutwa kuna mzigo wa Malakisi," akasema. "Na ile lori ingine nayo uipake, bana."

Dawa haikudumu milele. Masika yakikaza ilichakaa pembeni, akapaka tena. Msimu uliofuata Edah alipanda mrenda mistari miwili, akamwonya asiuguse ule wa watoto.