Jogoo Aliyekosa Mnunuzi

Nesi Eunike hana subira. Tangu akabidhiwe kifaa cha majaribio, kinachomulika tone la damu kutafuta dalili za saratani, anakibeba kama kichanga. Jumapili, ibada ilipoisha huku Meru, alikitua kwenye mnada wa sadaka, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo, akauliza nani anaanza kupimwa. Kinamama wakaangalia pembeni. Mama mkwe wake, aliyeikimbia hospitali miaka yote, ndiye aliyetoa kidole kichomwe.

Baada ya dakika chache Eunike alimnong'oneza: "Mama, kuna dalili. Kesho twende hospitali wakahakikishe. Tumewahi."

Mama mkwe akasimama, akawageukia wenzake. "Dalili ninayo, na tumewahi. Nyie mnasubiri nini?"

Mnadishaji alibaki na jogoo mkononi. Wanunuzi wote walikuwa kwenye foleni ya Eunike.