Skrini nzuri ya mchora ramani ilivyomtenga na kaka yake

Saa sita kasoro mchana, jua limesimama utosini. Mwanamke aliyevaa kofia ngumu ya njano anapanda juu ya rundo la matofali, anafungua kompyuta yake mpakato na kuigeuza skrini mpaka inalala mgongoni mwa kibodi. Sasa anaishika mkononi kama kitabu. Anawanyooshea mafundi wawili waliosimama chini yake.

"Mnaona nini?"

"Ramani," anajibu mmoja.

"Hilo najua, nimeichora mimi. Nisomee kipimo cha dirisha la jikoni."

Fundi anakunja uso, anasogea hatua moja. "Mia moja na ishirini."

"Na la stoo?"

"Sitini."

Anaridhika, anashuka. Mafundi wanatazamana na kucheka kidogo, maana kila siku ni hivyo hivyo. Hatoki eneo la ujenzi bila kumsomesha mtu vipimo kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Wananiona nina kichaa," anasema huku akifuta vumbi kwenye kioo kwa kiganja. "Waache tu. Ningekuwa na kichaa hiki miaka mitatu iliyopita, nisingempoteza kaka yangu."

Ana umri wa miaka arobaini na sita na anachora ramani za nyumba. Mafundi humwita Mama Mistari. Mwezi ukiwa mzuri anachora ramani nne, ukiwa mbaya anachora moja na kushinda akinywa chai. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la nyaya na balbu, kina meza, viti vitatu na dirisha linalogoma kufungika.

Kazi hii hakuianza peke yake. Kaka yake, anayemzidi miaka kumi na mmoja, ni fundi mwashi. Wenzake walimpachika jina la Timazi, kwa kuwa ukuta wake ukiupima kwa timazi hukuti umeinama hata kidogo. Baba yao alipofariki, Timazi ndiye aliyebeba ndugu zake. Alimpeleka mdogo wake chuo kusomea uchoraji wa majengo, akilipa karo kwa mikono iliyopasuka kwa saruji.

"Alikuwa anakuja chuoni na nguo za kazi, kapu la vifaa begani, kuniletea hela ya chakula," anakumbuka. "Wenzangu wakaniuliza kama ni kibarua wetu. Nikasema ni kaka yangu. Hapo nilisema vizuri. Baadaye ndipo nilipokuja kuharibu."

Kwa miaka kumi na minne dada alichora na kaka alijenga. Kila ramani ilichapishwa kwenye karatasi kubwa, Timazi akaipigilia misumari kwenye ubao pale ujenzini. Mvua ikiilowesha, dada analeta nyingine.

Kisha Mama Mistari akapata ofisi, wateja wakawa wa aina nyingine, na akaamua kununua kompyuta ya kugeuza. Alitaka ya kuchorea akiwa mezani, ya kumwonyesha mteja nyumba yake kwa rangi, na ya kubeba ujenzini apate hata sahihi kwa kalamu yake ya kuandikia kwenye kioo.

Muuzaji alimwekea mbili juu ya kaunta. Anazikumbuka kama mtu anayekumbuka wachumba wawili.

Ya kwanza ilikuwa na kioo kinachong'aa kama maji. Mistari yake ilikuwa myembamba kama unywele, weusi wake ulikuwa weusi kweli, na rangi zilionekana kana kwamba zimepakwa asubuhi ile. Ila mwangaza wake ulikuwa wa kiasi, mia tatu kwa kipimo cha niti, na kwa ajili ya uzuri wote huo betri ilikuwa ikiisha mapema.

Ya pili kioo chake hakikung'aa. Kilikuwa kimefifishwa juu yake ili kisiakisi mwanga, na rangi zilionekana zimechoka kidogo, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Lakini mwangaza wake ulifika niti mia tano, na betri ilimaliza siku ya kazi.

"Muuzaji aliniuliza swali moja tu la maana: dada, kazi yako unafanyia wapi? Nikamjibu, ofisini."

Anatikisa kichwa.

"Uongo mtupu. Nusu ya maisha yangu ni juani. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimepata ofisi, nikapenda nionekane mtu wa ofisi. Muuzaji akasema, basi chukua hii inayong'aa. Hana kosa. Alinishauri kwa jibu nililompa."

Mwanzoni mambo yalienda vizuri. Wateja walikuja, wakaona sebule zao zikiwaka kwenye kioo, wakatoa malipo ya awali papo hapo. Naye akaacha kuchapisha karatasi.

"Kaka akaniuliza, na karatasi yangu iko wapi? Nikamwambia, kaka, karatasi za nini tena, mambo yote yamo humu. Akasema sawa. Yeye si mtu wa kubishana."

Mwaka huo walipata nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mpole aliyekuwa akijenga pamoja na mumewe. Kuta zikiwa zimefika kiunoni, mume akapata kiharusi na kubaki kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu alimwomba Mama Mistari abadilishe choo cha chini: ukuta kati ya choo na chumba cha kulala usogee sentimita arobaini kuelekea chumbani, kiti kipate nafasi ya kugeuka. Aliomba pia jambo hilo lisizungumzwe kwa mafundi. Hakutaka ugonjwa wa mumewe uwe maneno ya ujenzini.

Mama Mistari alimpigia kaka yake simu jioni, akamwambia kuna ukuta utasogea arobaini, kesho atamletea mchoro. Kesho yake alifika saa saba mchana, ana haraka, mteja mwingine anamsubiri ofisini.

"Nikamfungulia pale pale juani. Nikamwambia, kaka, ukuta huu unakuja hapa, nikachora mshale kwa kalamu. Akainama akatazama. Nikamuuliza, umeona? Akasema, nimeona. Nikampa kalamu atie sahihi, akatia. Nikaondoka. Hata dakika tano hazikufika."

Timazi aliusogeza ukuta sentimita arobaini barabara, bila kupinda. Ila aliusogeza upande wa chooni.

Hakuna aliyejua mpaka zege la juu lilipokwisha kumwagwa na kukauka. Siku hiyo mwalimu alileta kiti cha magurudumu kukijaribu. Kiliingia mlangoni, kikakwama. Hakikuweza kugeuka wala kusogea kando. Mwalimu akashika ukuta, akaangalia chini.

Mama Mistari anasema hapo ndipo lilipotokea kosa lake hasa, kubwa kuliko la dukani.

"Kaka alikuwa pale, na vijana wake wote, kama tisa hivi. Mwalimu akaniuliza, imekuwaje? Ningeweza kusema tutalishughulikia, nikamvuta kaka pembeni tukaongea. Badala yake nikafungua kompyuta. Nikamwonyesha mwalimu. Nikasema kwa sauti, ramani ilikuwa sahihi, na sahihi ya fundi hii hapa."

Timazi aliitazama ile sahihi yake. Akavua glavu, akaziweka juu ya pipa. "Kweli, ni ya kwangu," alisema. Akaomba radhi kwa mwalimu, akainamisha kichwa, akatoka. Hakurudi tena kwenye nyumba ile.

Ukuta ule ulikuwa umeshabeba zege. Kuubomoa kulihitaji kuweka nguzo na boriti mpya, kazi iliyochukua miezi mitano. Miezi yote hiyo mume wa mwalimu alilala sebuleni kwenye nyumba waliyopanga na kuogeshwa kwa beseni nyuma ya pazia. Mwalimu hakuwahi kumtolea Mama Mistari neno baya. "Angenitukana ningepumua," anasema.

Wiki tatu baada ya siku ile ya kiti, wifi yake, mke wa Timazi, alimjia nyumbani. Alikaa, akakataa chai, akasema alichokuja kusema.

"Wifi, kaka yako hakuona kitu siku ile. Ameniambia kwenye kioo chako alijiona mwenyewe tu, kofia yake na mawingu. Akaona aibu kukuambia, akakisia upande. Alidhani ni macho yake yamezeeka, akaogopa utatafuta fundi mwingine."

Mama Mistari hakuamini. Kesho yake, saa saba mchana, akaichukua ile kompyuta, akaenda mpaka kwenye nyumba ya mwalimu, akasimama palepale aliposimama kaka yake, akaufungua mchoro uleule.

"Nikajiona mimi. Kitambaa changu cha kichwani, nyuma yake mbingu. Nikainua mwangaza mpaka mwisho. Mistari ikatokea kama utando wa buibui, mshale wangu hauonekani unaelekea wapi. Na mimi macho yangu ni mazima. Nikakaa chini juu ya mchanga, nikalia kama mtoto."

Alimpigia kaka yake simu siku hiyohiyo. Timazi alipokea, akamsikiliza, akasema, "Yamepita hayo, mdogo wangu." Tangu hapo hupokea simu zake zote, huuliza hali ya watoto, hutuma salamu. Lakini kila akiombwa kurudi kazini pamoja, anasema ana kazi nyingi. Anajenga uzio na mabanda upande wa pili wa mji. Wakikutana kwenye misiba ya familia, hukaa pamoja na kuongea juu ya marehemu.

"Kununa angenuna, ningejua pa kuanzia," anasema. "Sasa ananichangamkia kama jirani."

Kompyuta ile nzuri aliiuza kwa hasara, akanunua ya kioo kisichong'aa, iliyokwisha kutumika. Na hapo pia hakupona bure. Ofisini wateja wanalalamika. Mama mmoja alitazama ramani yake ya rangi akauliza, "Mbona nyumba yangu inaonekana kama ina malaria?" Akaenda kwa mchoraji mwingine mwenye skrini ya kuvutia. Mwaka uliopita wateja watatu waliondoka kwa namna hiyo. Waliobaki anawapa vipande vya rangi halisi kutoka duka la rangi, washike wenyewe mkononi.

Vijana wanaoanza kazi humwomba ushauri wa kompyuta ya kununua. Huwaambia waichukue sampuli ya dukani, waombe ruhusa, watoke nayo nje mlangoni mchana. "Dukani kila kioo ni kizuri. Toka nayo juani, mpe mtu mwingine asome. Usisome wewe, wewe unajua kilichoandikwa."

Na kuhusu kaka yake? Anavua kofia ngumu, anaipangusa, anafikiri.

Anasema amechelewa kuelewa kwamba kuomba radhi kwa simu hakukutosha. "Nilimvunjia heshima mbele ya vijana wake, halafu nikaomba msamaha sikioni mwake. Wale vijana mpaka leo wanajua mzee wao alikosea. Nimemwachia mzigo wangu aubebe."

Jumamosi ijayo Timazi anamwaga zege la jengo dogo la maduka, na karibu vijana wote wale tisa watakuwepo. Wifi ndiye aliyemdokeza. Mama Mistari atakwenda, atasimama mbele yao wote na kusema lilikuwa kosa la nani.

Je, kaka yake akiona anakuja, akaondoka kama alivyoondoka siku ile?

Kwa mara ya kwanza mchana huu, anatabasamu.

"Hawezi. Zege likishaanza kumwagwa, fundi hatoki. Atanisikiliza mpaka mwisho."