Sombe ya Baba

Wenzangu mliokulia Buyenzi miaka ya vita, mnakumbuka tulivyogombania vizibo vya soda kama dhahabu. Mi nilivihesabu kabla ya kulala, na nikiamka navihesabu tena, maana nilikuwa na dada.

Mnakumbuka pia kwamba wanaume wengi walishinda nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi magari, na karakana yake ilikuwa upande wa Kamenge. Kufika huko ni kupita bariyeri za vijana wenye silaha, na waliyekuwa wakimtafuta ni mwanaume. Wanawake walipita, si kila siku, lakini walipita. Basi Mama akabeba beseni la ndagala, dagaa wa kuuza, kwenda sokoni, Baba akabaki na sisi watatu.

Alituogesha kama anaosha injini, kwa nguvu, akirudia kwenye kona. Nywele za dada yangu Zawadi alizisuka mistari, kila mmoja ukashika safari yake. Ugali wake ungeweza kuzuia mlango. Ila kilichomsaliti ni sombe. Majani ya muhogo hayatwangwi kimya, na mtaa mzima unaujua mchi wa mwanamke: unashuka kwa mwendo mmoja, kama mtu anayetembea bila haraka. Wa Baba uligonga kama nyundo juu ya chuma. Alifunga geti, akaweka gunia chini ya kinu. Wapi.

Nyuma ya ukuta alikaa Juma, kinyozi asiye na wateja, akicheza karata na wenzake.

"Mama Zawadi," aliita, "leo mawese yametosha?"

"Njoo uonje, mume wangu," Baba alijibu siku za mwanzo. Baadaye akaacha kujibu.

Kisha Mama akashikwa na malaria. Beseni likalala kifudifudi, unga ukabaki wa usiku mmoja. Asubuhi Baba akatoa ovaroli yake ya kazi, akaikung'uta.

"Baba Zawadi, apana," Mama alisema kutoka mkekani. "Mi kesho nitasimama. Kule we hutapita."

"Na watoto watakula nini?"

"Watalala njaa. Njaa ya siku moja haiui mutu."

Baba alifunga kifungo cha juu. "Na mi nimechoka kuitwa mama."

Nilimsindikiza hadi getini. Juma alikuwa ameshakaa na karata zake. "Ee," alisema, "leo umerudi kuwa mwanaume." Baba akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu vita ianze, akaenda.

Hakurudi. Hata mwili hatukupata.

Baada ya arobaini, Juma aliingia uani kwetu bila hodi, akautwaa mchi mikononi mwa Zawadi, akatwanga. Geti aliliacha wazi. Alikuja hivyo kila Mama alipokwenda sokoni, hadi vita ikapoa. Hakuna aliyemtania, maana mtaniaji wa mtaa alikuwa yeye. Mama hakumshukuru, wala hakumfukuza.

Siku hizi nikipita mitaa ile naona vijana wamebeba watoto mgongoni, wake zao wako kazini. Mmoja akikoroga uji mara moja, anajipiga picha, na simu nzima inamsifu. Nawacheka kidogo, maana uji wenyewe una madonge. Halafu kicheko kinakatika. Laiti hao ndio wangekuwa majirani zetu.